Imechoka Kulia

Bi Spana alikuwa na subira ya kutosha kwa nati zenye kutu, kwa bolti zilizokatikia ndani, na kwa wateja wanaofunga gari kwa waya kisha wakaja kumuuliza mbona linapiga kelele. Subira aliyoikosa ilikuwa ya mtu mmoja tu. Mtu huyo ndiye aliyekuwa akiingia getini asubuhi ile, pikapu yake ikinesanesa mbele kama kitanda kilicholegea miguu, huku akipiga honi utadhani gereji nzima imelala. Alikuwa baba yake.

Hilo jina la Spana alipewa na mzee huyo huyo. Baba alikuwa dereva wa kubeba milango na fremu za madirisha, akiwapelekea wateja wa maseremala, na gari lake alilitengeneza mwenyewe kwa miaka arobaini. Binti yake alimshikia tochi tangu hajaota meno ya pili. Shangazi na wajomba walisema mtoto wa kike akafundishwe kushona. Akapelekwa kwa fundi cherehani, akadumu wiki tatu. Wiki ya nne cherehani ilikutwa imefunguliwa vipande vipande juu ya gazeti, ikasafishwa, ikarudishwa kama ilivyokuwa, ila ilibaki skrubu moja ambayo hakuna aliyejua inakaa wapi. Baada ya hapo hakuna aliyezungumza tena habari ya kushona.

Sasa alikuwa na miaka arobaini na mitatu, na gereji yake mwenyewe: paa la mabati, sakafu ya saruji iliyokunywa mafuta hadi ikawa nyeusi, na ukuta wenye misumari ambako kila spana ilikuwa na mahali pake. Watu walileta magari kutoka mbali kwa sababu alisifika kwa masikio. Walisema Bi Spana husikia ugonjwa wa gari kabla halijazimwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona hamjafungua?"

"Tumefungua tangu saa moja. Umepita kwenye geti lililo wazi."

Baba alishuka. Alizunguka akafungua mlango wa abiria, akatoa boksi jembamba refu, akampa kwa mikono miwili kama mtu anayekabidhi zawadi.

"Shokapu," alisema.

Bi Spana alilipima boksi kwa mkono, akachungulia kitini kutafuta jingine. "Moja?"

"Ya mbele, kulia. Imechoka."

Kwa mafundi, chuma hakizeeki wala hakiugui, kinachoka tu. Betri huchoka, bushi za mpira huchoka, springi huchoka, na shokapu ikichoka gari hudunda barabarani kama mpira, kwa kuwa hakuna tena cha kulituliza. Lakini hakuna fundi duniani anayebadilisha shokapu moja akaiacha mwenzake, maana mpya na kuukuu hazivuti pamoja. Na aliyemfundisha Bi Spana hilo alikuwa amesimama mbele yake, kofia kichwani, akisubiri ashukuriwe kwa kununua moja.

"Nani kakwambia ni ya kulia?"

"Mama yako."

Bi Spana aliweka boksi chini. Mama yake alijua mambo mengi, ila kuhusu magari alijua moja tu, kwamba mlango wa pikapu lazima ubamizwe ndipo ufunge.

"Mama? Mama anajua shokapu?"

"Miaka arobaini amekaa ndani ya gari langu, asijue?" Baba alivuta kofia. "Amesema mwenyewe, kwa mdomo wake. Imechoka kulia. Sasa mimi naifunga, halafu saa kumi nakwenda kumchukua kwa dada yake. Nimeshampigia simu mama yako mkubwa, anajua nakuja."

Hapo ndipo palipouma. Siku ya nne hiyo mama alikuwa kwa mama mkubwa. Baba aliwaambia majirani kwamba amekwenda kumsalimia dada yake. Lakini mama alimpigia simu binti yake usiku wa kwanza, akamwambia ukweli. Amesusa. Mwaka mzima sasa anazungumza na mzee na mzee hamjibu, hasa garini, na garini ndiko wanakokaa pamoja muda mrefu kuliko nyumbani. "Nampigia mbuzi gitaa," alisema mama. "Namweleza habari za moyoni mwangu, yeye anatazama barabara. Namuuliza, kimya. Mwanangu, mtu ukikaa na ukuta hukasiriki, kwa kuwa ni ukuta. Huyu ananisikia kabisa, ila ameamua." Kisha akasema neno ambalo Bi Spana alilala nalo siku tatu. Akija kumchukua atapanda gari, kwa heshima ya ndoa yao. Lakini wakifika nyumbani bila yeye kujibiwa hata mara moja, atageuza njia arudi kwa dada yake, na safari hiyo hatatoka huko tena.

Bi Spana alikuwa upande wa mama. Alimjua baba yake na ubishi wake. Ndiyo maana kila alichokisema mzee asubuhi ile kilimwasha kama upupu.

"Haya, tuitazame," alisema.

Alikwenda kwenye kona ya kulia ya pikapu, akaikandamiza kwa mikono yote miwili, akaiachia. Ilipanda, ikashuka, ikapanda kidogo, ikatulia. Imechoka, ndiyo, lakini bado inajikongoja. Akazunguka kushoto, akakandamiza, akaachia. Pikapu ilicheza juu chini, juu chini, mpaka akaishika kwa mkono ili inyamaze. Akaingia uvunguni. Shokapu ya kushoto ilikuwa imevuja mafuta yake yote, na vumbi limeyashika hadi likawa matope meusi.

"Baba, ya kushoto ndiyo imekufa. Ya kulia bado ingevumilia."

"Mama yako amesema kulia."

"Mama hakuingia uvunguni, mimi nimeingia. Na shokapu hubadilishwa mbili mbili. Si wewe uliyenifundisha?"

"Ndiyo, ni mimi niliyekufundisha. Kwa hiyo nikisema moja, ni moja." Akanyanyua kidole. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu."

Bi Spana alimpita upande wa kushoto akienda kuchukua jeki, akasema, si kwa kelele lakini si kwa kunong'ona pia, "Na sikio la kufa halisikii dawa."

Alisema akasubiri kombora. Siku nyingine zote baba hakuwahi kuliacha neno kama hilo lianguke chini. Lakini mzee aliendelea kuitazama pikapu, mikono mgongoni, akipiga mluzi kidogo. Hata hilo likamkera Bi Spana: amedharauliwa yeye pia, kama mama.

Akainua gari, akaweka stendi, akatoa tairi la kulia. Bolti ya chini ilitoka kwa adabu. Nati ya juu haikutaka. Kila alipoizungusha, ule ufito mwembamba unaoishika ulizunguka nayo, vikaenda pamoja kama wapenzi wapya, huku mkono wake ukichubuka kwenye bodi. Akamwaga mafuta ya kulegeza kutu. Akabana ufito kwa koleo, akazungusha nati kwa mkono mwingine. Koleo likateleza. Akabana tena.

"Zungusha kushoto," alisema baba aliyekuwa amechuchumaa pembeni.

"Nazungusha kushoto."

"Hiyo si kushoto."

"Baba, nimefungua nati kabla hujaota mvi!"

Ilimchukua nusu saa, kisha nati ikakata tamaa kwa mlio mkali. Shokapu ya zamani ikatoka. Aliibonyeza kwa kiganja, ikaingia taratibu ikakaa huko, haikurudi. Ile mpya alipoikata kamba yake ilijinyoosha yenyewe, polepole, kama mtu anayeamka vizuri. Akaifunga, akakaza juu, akakaza chini, akarudisha tairi. Kazi safi. Alijua ni kazi safi kama anavyojua jina lake.

"Twende tukaijaribu," alisema baba, ameshakaa kwenye usukani.

Bi Spana alikaa kiti cha abiria, akabamiza mlango. Walitoka kwenye barabara ya vumbi nyuma ya maghala, yenye matuta madogo madogo yaliyopangana. Hawajafika hata tuta la kumi, kushoto kukaanza: kwo, kwo, kwo. Kulia kimya.

"Umeona?" alisema Bi Spana. "Kulia imetulia. Kushoto ndiko kunakogonga. Turudi nikatafute nyingine."

 Baba alikunja uso, akatega kichwa.

"Baba, nasema turudi."

Kimya. Kwo, kwo, kwo.

"Bado inagonga," alisema baba hatimaye, kwa sauti ya kulaumu. "Kulia. Umefunga vibaya."

Bi Spana aliona damu ikimpanda kichwani. Mtu mwingine angemwambia hivyo, yeye angeshuka garini akatembea. Huyu alikuwa baba. Walirudi gerejini, akainua gari, akatoa tairi, akakagua nati ya juu, bolti ya chini, bushi zote mbili. Hakuna hata moja iliyocheza. Akarudisha tairi. Wakatoka mara ya pili, na kushoto ikagonga palepale ilipogonga mwanzo, chini kabisa ya miguu yake. Aliisikia na kuihisi kwenye nyayo.

"Kulia," alisema baba. "Ileile. Mwanangu, siku hizi unafanya kazi kwa haraka sana."

"Ni kushoto! Kushoto, baba! Ina maana umetia pamba masikioni?"

Mzee alikata kona, akaingia gerejini, akasimamisha gari. Bi Spana alishuka, akaubamiza mlango kuliko unavyohitaji, akaegemea ukuta wa spana zake huku akihema. Saa saba na nusu sasa. Saa kumi huyu mtu anakwenda kumchukua mama, na njia nzima atakaa hivihivi, mdomo umefungwa, na mama atafika nyumbani na kugeuka. Na hakuna chuma cha kukaza hapo.

Alimtazama mzee pale kwenye usukani. Alikuwa ametega kichwa vilevile, sikio la kulia nje ya dirisha, kama ndege anayesikiliza mnyoo. Tangu lini baba alitega kichwa hivyo?

Akachukua spana. Kama kuna jambo baba alimkazania zaidi ya yote, ni kwamba fundi halaumu kitu kabla ya kukipima.

"Baba, fumba macho. Usitoke. Nikigonga, niambie nimegonga upande gani."

"Mchezo gani huu?"

"Fumba tu."

Akagonga bodi ya kulia. "Kulia," alisema baba. Akazunguka kwa vidole vya miguu, akagonga ya kushoto. "Kulia," alisema baba. Akagonga tena kushoto, kwa nguvu. "Kulia hiyo, si nimeshasema?"

Bi Spana alikuja hadi kwenye dirisha la abiria, pale mama anapokaa. Akaongea kwa sauti ya mama, ile ndogo ya mtu asiyependa majirani wasikie. "Baba, mbwa ameingia garini, anakula kofia yako."

Mzee alikaa ametulia, macho yamefumba, mikono kwenye usukani. Baada ya muda akauliza, "Mbona hugongi?"

Hasira zote za asubuhi zilimtoka Bi Spana kwa mkupuo mmoja, na kilichobaki kilikuwa aibu. Alikumbuka methali yake ya sikio la kufa, akatamani angeimeza. Alizunguka hadi dirisha la kulia.

"Baba, sikio lako la kushoto halisikii tangu lini?"

"Sikio langu zima."

"Baba."

Mzee alifumbua macho. Alikwangua usukani kwa ukucha. "Mwaka jana liliingia mlio kama wa mbu. Nikadhani ni injini. Halafu mbu akanyamaza, nikasema amekwenda zake." Akavuta kofia. "Nimeona watu wameanza kunong'ona. Mama yako zaidi. Nikasema ni uzee, na yeye sauti inaisha. Nikaona aibu kumwambia kila mara, sema tena, sema tena."

"Mama alipokwambia habari ya shokapu alikuwa amekaa wapi?"

"Hapo. Atakaa wapi kwingine? Tulikuwa tunatoka sokoni. Alikuwa ameangalia dirishani, akasema, imechoka kulia."

"Na wewe ulimjibu?"

"Nilimjibu, kwa nini nisimjibu? Hilo nililisikia." Baba aliinua kichwa kwa fahari kidogo. "Nikamwambia, nitaitazama wiki ijayo."

"Akasema nini?"

"Hakusema kitu. Alinitazama tu, akanitazama, halafu akarudi dirishani. Asubuhi yake akafunga mkoba. Ndiyo nikaelewa kwamba amekasirika, ameona nalipuuza gari. Ndiyo maana nimenunua haraka."

Bi Spana alilirudia neno lile mdomoni bila kulitoa. Mama hajawahi kusema shokapu imechoka maishani mwake. Mama haijui shokapu. Herufi moja ilikuwa imeangukia upande wa sikio bovu.

"Baba," alisema polepole, akiushika mlango. "Mama hakusema imechoka. Alisema nimechoka. Nimechoka kulia."

Mzee alimtazama. Midomo yake ilisogea, ikalirudia neno kwa namna ya kwanza, kisha kwa namna ya pili. Bi Spana alimwona akifika mahali pa lile jibu, nitaitazama wiki ijayo, na hapo mzee alivua kofia akaiweka mapajani, akawa haitazami pikapu, wala hatazami chochote.

"Nilimwambia wiki ijayo," alisema.

"Hukusikia, baba."

"Analia pembeni yangu, mimi namwambia wiki ijayo." Akafungua mlango. "Twende. Sasa hivi."

"Ya kushoto imekufa kabisa. Ngoja nitume mtu dukani..."

"Twende nayo hivyohivyo. Endesha wewe."

Mzee akapanda upande wa abiria, mahali ambapo hajakaa tangu ainunue pikapu. Sikio lake la kulia sasa lilikuwa kwa binti yake, na njia nzima alijibu kila alichoulizwa, hata yasiyohitaji jibu. Walipofika kwenye matuta ya maghala aliweka kiganja chini karibu na miguu yake.

"Kumbe ni kushoto," alisema. "Naisikia miguuni."

Nyumba ya mama mkubwa ilikuwa na baraza ya saruji na kamba ya nguo uani. Mama alitoka bila mkoba wake. Alikuja hadi kwenye pikapu akiwa ametulia kama mtu aliyekwisha kuamua, akamsalimia binti yake, akamwambia mumewe kwamba ni mapema, saa kumi haijafika. Bi Spana aliona hana kazi ya kufanya pale kati yao. Akasema anataka kuitazama shokapu, akatandika kipande cha boksi chini, akaingia uvunguni upande wa kushoto na spana mkononi.

Kutoka pale aliona miguu tu: ndala za mama, zenye mkanda ulioshonwa, na viatu vya baba, vyenye vumbi la maghala. Wote wawili walikuwa wameelekea gari, bega kwa bega, mama upande wa kushoto wa baba. Mama alisema kitu kwa sauti ndogo. Baba hakujibu. Bi Spana alifumba macho.

Alipoyafumbua, viatu vilikuwa vinatembea. Vilizunguka nyuma ya ndala polepole, vikaja vikasimama upande wa pili, karibu hadi vikagusana nazo.

"Sema tena," alisema baba. "Lile la kushoto limekufa. Sikio hili ndilo zima."

Ndala hazikusogea.

"Tangu lini?" aliuliza mama.

"Tangu mwaka jana. Siku ile garini nilisikia vibaya."

"Ulisikia nini?"

"Kwamba shokapu imechoka. Ya kulia." Akasita. "Nimeshaifunga mpya."

 Kisha mama alitoa sauti ambayo, kutoka chini ya gari, Bi Spana hakuweza kujua kama ni kicheko au ni kile kingine.

"Ya kushoto ndiyo mbovu," alisema mama. "Nimeikalia mwaka mzima. Nayo nilikwambia."

"Sikusikia."

"Nilikwambia mengi."

"Anza la kwanza," alisema baba.

Bi Spana aliweka spana kwenye bolti iliyokuwa imekaza tayari, akaishika hivyo, asitoke. Mama akaanza, kwa ile sauti yake ndogo isiyofika uvunguni, na baba akamjibu.